Udongo mweusi wa prairi ukianza kusumbua: dalili, chanzo na jina lake

Mwishoni mwa Juni, pita kando ya shamba la soya kaskazini ya kati ya jimbo la Iowa, Marekani. Shamba lote ni jeusi na limelala karibu tambarare. Mahali fulani katikati kuna kishimo kipana kilichokuwa na maji wakati wa masika, sasa kimekauka. Kimezungukwa na pete ya soya ya manjano, upana wake hatua kumi hivi. Ndani ya pete soya ni kijani. Nje ya pete ni kijani. Inayougua ni pete peke yake.

Wengi wakiona umanjano huo hukimbilia nitrojeni. Hapo nitrojeni inazidisha ugonjwa, na sababu yake tutaifikia. Nimeanza na pete kwa kuwa inaonyesha kosa kubwa katika kutibu udongo huu, nalo ni kuudhani kuwa mmoja kwa vile rangi yake ni moja. Chini ya weusi huo kuna udongo wa aina nne, tano, hata sita, na kila aina ina maradhi yake. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na jani. Unaanza na mahali ulipo kwenye mteremko, halafu jina la udongo, halafu ndiyo jani.

Kabla ya dalili yoyote: uko wapi?

Udongo tifutifu, ambao ndio utakaoukuta sana hapa, kwa kipimo cha wataalamu wa Marekani ni ule wenye ufinyanzi (chembe laini kuliko zote, zinazonata) asilimia 7 hadi 27, silti (chembe laini kama unga) asilimia 28 hadi 50, na mchanga usiozidi asilimia 52. Shambani huhitaji maabara kupata makadirio. Chukua udongo wa kujaa kiganja, ulowanishe hadi uwe kama unga wa chapati, kisha ukamue kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, huo ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu yenye ufinyanzi. Ukipita hapo, una mfinyanzi mkononi.

Kwenye eneo nililolitaja, barafuto la mwisho lilipoyeyuka zaidi ya miaka 12,000 iliyopita liliacha kifusi kilichochanganyika: mchanga, silti, ufinyanzi, kokoto na chokaa. Juu yake yakaota majani marefu ya prairi, yaani mbuga ya nyasi, na mizizi yake ikafa na kuzaliwa upya kwa maelfu ya miaka. Mboji ya mizizi hiyo ndiyo weusi unaouona. Ila barafuto halikusawazisha ardhi. Liliacha vinundu na vishimo, tofauti ya mwinuko wakati mwingine mita mbili au tatu tu, na maji yakafanya kazi yaliyobaki.

Ukishuka kutoka juu kwenda chini, mpangilio wa kawaida ni huu. Juu, panapopitisha maji vizuri, kuna udongo uitwao Clarion. Chini yake kidogo, kwenye mteremko mpole, Nicollet. Kwenye bapa la chini, Webster, wenye unyevu mwingi. Pembeni mwa vishimo, Canisteo na Harps, wenye chokaa hadi juu. Ndani ya kishimo chenyewe, Okoboji, mweusi tii wenye ufinyanzi mwingi. Na pale kilele kilipochunwa hadi kifusi chenye chokaa kikatokeza, utakuta Storden. Majina haya ni ya mahali, lakini nyuma ya kila moja kuna jina refu la uainishaji, na jina hilo refu ndilo lenye faida. Wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakalisahau, na hasara ni yao.

Takriban wote hao wako katika oda (kundi kubwa la uainishaji) ya Molisoli, neno lililotokana na Kilatini mollis, laini. Sharti lake kuu ni tabaka la juu lililo nene, jeusi, lenye kaboni ya mboji angalau asilimia 0.6 na lililojaa kalsiamu na magnesiamu kiasi kwamba besi zinashika nusu au zaidi ya nafasi za kubadilishana madini. Clarion ni Hapludoli: "-oli" inakuambia ni Molisoli, "ud" kwamba hali ya hewa ina mvua ya kutosha, "hapl" kwamba hakuna kingine cha ajabu. Webster ni Endoakwoli: "akw" ni maji, "endo" ni kwamba maji hayo yanatoka chini, udongo wote umelowa kuanzia kina hadi juu. Harps ni Kalsiakwoli, na silabi ya kwanza imeshakutobolea siri ya ile pete ya manjano.

Vifaa: keekee ya udongo au koleo, chupa ya maji, kitabu cha rangi cha Munsell ukikipata, na chupa ndogo ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10. Vaa miwani ya kinga, isiwe ya jua.

Dalili: majani machanga ya soya ni manjano, mishipa imebaki kijani

Hiki ndicho kisa cha pete. Majani mawili ya kwanza hutoka kijani kwa kuwa yanakula akiba ya mbegu, kisha yale ya matatu-matatu yanayofuata yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani kama ramani ya mito. Ni upungufu wa chuma, na kinachochekesha ni kwamba udongo umejaa chuma. Tatizo ni kwamba pH (kipimo cha asidi na ubesi) ikipita 7.5 hivi, chuma hakiyeyuki.

Chokaa ilifikaje pale? Maji yaliyokusanyika kwenye kishimo hupenya chini yakiwa yamebeba kalsiamu, husogea kando, kisha kwenye ukingo hupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi. Juu maji yanakuwa mvuke na chokaa inabaki. Fanya hivyo kwa miaka elfu kadhaa na ukingo wa kila kishimo unakuwa na mkanda wa chokaa. Dondosha matone ya asidi juu ya udongo wa pete: utachemka na kutoa povu unalolisikia kabisa, kama soda iliyofunguliwa. Nenda katikati ya kishimo, dondosha tena: mara nyingi kimya. Panda kwenye Clarion isiyochunwa: kimya. Mara nyingi utaona pia vipande vyeupe vya magamba ya konokono wadogo kwenye udongo wa pete, kumbukumbu ya kinamasi kilichokuwapo.

Sasa nitrojeni. Mzizi wa soya hujitafutia chuma kwa kutoa asidi kidogo na kukibadili chuma kiwe cha aina inayoweza kunyonywa. Bikaboneti ya chokaa inaizima ile asidi. Naitreti, yaani nitrojeni katika umbo ambalo mzizi huinyonya, ikiwa nyingi, mmea ukiinyonya unaongeza tena ubesi kuzunguka mzizi, na hata chuma kilichofika kwenye jani kinashindwa kufanya kazi. Ushahidi uko shambani bila gharama: tazama njia za matairi ya trekta zinapopita ndani ya pete. Mara nyingi mimea iliyo kwenye alama za matairi ni kijani kuliko majirani zake. Udongo ulioshindiliwa pale una naitreti kidogo, na mmea unapumua. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani mtu amemwaga mbolea kwenye mistari ya matairi, nikamuuliza mwenye shamba kama mashine yake inavuja. Alicheka.

Cha kufanya: chagua aina ya mbegu iliyopimwa kwa ustahimilivu wa hali hii, na hiyo ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Panda mbegu zilizosogeana zaidi ndani ya mstari katika maeneo hayo, maana mizizi mingi pamoja inasaidiana. Chuma cha aina ya EDDHA (kilichofungwa na kemikali inayokifanya kibaki kimeyeyuka) kikiwekwa kwenye mfereji wa mbegu wakati wa kupanda husaidia. Kunyunyizia majani baadaye mara nyingi huleta rangi bila mavuno. Wengine hupanda shayiri nyembamba pamoja na soya iinyonye naitreti, kisha wanaiua kabla haijafika sentimita 25 au 30. Inafanya kazi mwaka wa mvua. Mwaka mkavu shayiri hunywa maji ya soya. Kuhusu kuondoa chokaa yenyewe kwa salfa, sahau: kiasi kilichomo ni kikubwa mno.

Usichanganye na haya: ikiwa umanjano uko kwenye kingo za majani ya chini, huo ni upungufu wa potasiamu. Ikiwa mimea imedumaa na umanjano hauna mpangilio, ng'oa mmea taratibu kwa koleo na utazame mizizi kwa karibu. Vijidude vyeupe au vya manjano hafifu, vidogo kuliko vinundu vya nitrojeni, ni minyoo sisti ya soya, nematodi wanaoshambulia mizizi. Minyoo hiyo hustawi kwenye pH ya juu, kwa hiyo pete ile ile inaweza kuwa na ugonjwa wa aina mbili kwa mpigo. Na ikiwa mwaka jana ulipiga atrazini, dawa ya magugu, kwenye mahindi, kumbuka kwamba dawa hiyo hudumu muda mrefu zaidi pH ikiwa juu. Masalia yake huunguza soya papo hapo kwenye mkanda wa chokaa.

Dalili: maji yanasimama siku mbili, tatu baada ya mvua

Chimba shimo la nusu mita karibu na dimbwi, si ndani yake, uketi, usubiri. Hapa subira ni kifaa.

Shimo likijaa kutoka chini, maji ya ardhini yamepanda. Hiyo ndiyo "endo" ya Endoakwoli. Shimo likibaki kavu chini huku maji yakichuruzika kutoka tabaka la juu, basi kuna kitu kimeyazuia juu, na hali hiyo ina silabi yake: "epi". Webster kwa asili ni endo. Ukikuta Webster inayojifanya epi, ujue trekta ndiyo iliyobadilisha silabi.

Kwa hali ya kwanza, uliza mabomba. Sehemu kubwa ya ardhi hii isingelimika bila mabomba ya kutoa maji yaliyofukiwa chini, kwa kawaida kina cha mita 0.9 hadi 1.2. Ya zamani ni ya mfinyanzi uliochomwa, vipande vya kama sentimita 30 vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Ya sasa ni ya plastiki yenye matundu. Ya zamani hupasuka. Dalili ya kupasuka ni tundu dogo juu ya ardhi, mara nyingine lenye ukubwa wa ndoo, ambalo udongo wake umenyonywa chini, na mdomo wa bomba huko mtaroni unatoa maji ya tope badala ya maji maangavu. Bomba lililoziba halitoi kitu wakati majirani zake yanatiririka, kwa hiyo nenda mtaroni saa chache baada ya mvua, usiende siku ya jua. Mizizi ya mierebi iliyo karibu na mstari ni mshukiwa wa kwanza. Mdomo uliozama ndani ya maji ya mtaro ni mshukiwa wa pili, na huyo ndiye anayesahauliwa kwa kuwa kosa liko nje ya shamba.

Ndani ya kishimo cha Okoboji mambo ni mengine. Jina lake refu lina neno "vertiki", maana yake ufinyanzi wake huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukivimba, maji hayashuki haraka hata bomba likiwa zima. Hapo bomba la chini peke yake halitoshi. Huwekwa tundu la kupokea maji moja kwa moja kutoka juu. Lakini tundu hilo hupeleka pia tope na fosforasi mtoni bila kuchujwa, kwa hiyo fikiri kabla ya kulichimba. Kuna wakulima walioacha vishimo vibaya zaidi virudie kuwa nyasi, wakaona hesabu ya mwaka haijapungua.

Gamba la juu nalo husimamisha maji: tabaka jembamba, gumu kama biskuti, linalonyanyuka kwa ukucha. Husababishwa na matone ya mvua kupiga udongo uliolimwa hadi ukawa vumbi. Tifutifu yenye silti nyingi huathirika zaidi, na hii ni tofauti moja kati ya udongo wa eneo hili na ndugu zake wa Illinois kama Drummer, ambao juu una loesi, vumbi lililoletwa na upepo. Drummer ni udongo rasmi wa jimbo la Illinois na pia ni Endoakwoli. Uainishaji unautenga na Webster kwa neno la familia (ngazi ya chini ya jina) tu, "silti laini" badala ya "tifutifu laini". Neno dogo, lakini linakuambia wapi gamba litakusumbua zaidi. Mabaki ya mazao yakiachwa juu, gamba halitengenezwi.

Dalili: mahindi mafupi kwa mistari, au kwenye kona za shamba

Maradhi ya asili hayafuati mistari iliyonyooka. Ukiona mstari, tafuta tairi.

Ng'oa mmea mmoja mfupi na mmoja mzuri. Mzizi wa mmea mfupi utashuka, ufike mahali, ugeuke kulala kama mtu aliyegonga dari kichwa chini. Pima kina cha mgeuko huo. Ukiwa sentimita 15 hadi 25, ni sakafu iliyotengenezwa na jembe. Ukiwa ndani zaidi, ni uzito wa mashine: ekseli inayobeba zaidi ya tani 10 kwenye udongo wenye unyevu hushindilia kina ambacho jembe halifiki. Penetromita, kifaa cha kupima ugumu wa udongo, ikisoma megapaskali 2, mizizi mingi inasimama, lakini pima udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Ukipima Agosti kwenye ukavu, kila kitu kitaonekana kibovu.

Kuna imani kwamba baridi ya majira ya kipupwe huganda na kuufumua udongo bure. Huufumua juujuu. Mshindilio wa kina hukaa miaka.

Dalili: vilele vimepauka, mazao yake yanachelewa kuota na kunyauka mapema

Tazama shamba lililolimwa kutoka mahali palipoinuka kidogo baada ya mvua, udongo ukianza kukauka. Vinundu vitaonekana rangi ya kahawa yenye maziwa, na mabonde meusi. Mtu atakuambia ndivyo ulivyozaliwa. Hapana.

Chimba kwenye kilele. Weusi ukiwa na unene wa sentimita 10 au usiwepo kabisa, na asidi ikichemka juu ya ardhi, basi uliyesimama naye ni Storden, au Clarion iliyokufa ikawa Storden. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwa kutumia picha za satelaiti ulikadiria kuwa karibu theluthi ya eneo linalolimwa katika ukanda wa mahindi wa Marekani limepoteza tabaka lake lote la juu la mboji, hasa kwenye vilele.

Na sababu? Watu husema mvua. Mvua huchuna zaidi miteremko mirefu na mikali. Kileleni hakuna maji ya kutosha kuchuna hivyo. Anayechuna kilele ni jembe. Kila mara plau inapopita juu ya kinundu, udongo husukumwa kwenda chini kuliko unavyorudishwa juu, na baada ya vizazi vitatu, vinne vya kulima kilele kimetumbukia bondeni. Ushahidi uko bondeni: chimba hapo na weusi unaweza kupita sentimita 60. Uainishaji una neno kwa huo pia, "kumuliki", uliorundikwa.

Hapa uainishaji unafanya jambo la kusikitisha. Tabaka la juu likipungua chini ya kipimo, udongo unafukuzwa kutoka Molisoli. Storden imeandikwa katika Inseptisoli, oda ya udongo ambao bado haujakomaa. Udongo wa maelfu ya miaka umerudishwa darasa la kwanza.

Mahindi ya hapo huonyesha michirizi ya manjano na kijani kwa urefu wa jani, na huonekana zaidi kwenye majani ya juu. Huo ni upungufu wa salfa, na kwenye miteremko iliyochunwa yenye mboji kidogo umekuwa jambo la kawaida. Nitrojeni ikipungua hufanya kinyume: huanza majani ya chini, umanjano ukishika ncha na kuingia katikati ya jani kwa umbo la V. Tofautisha hayo mawili kabla hujanunua kitu.

Tiba ya kilele: acha kulima hapo kabisa, panda mazao ya kufunika udongo, peleka samadi huko kwanza badala ya kuimwaga karibu na zizi kwa uvivu. Wapo waliochota udongo mweusi wa bondeni wakaurudisha kileleni kwa mashine. Ni ghali, lakini mavuno ya kilele hupanda, na hasara bondeni huwa ndogo kuliko unavyohofia.

Dalili: mahindi yote ya bapani ni manjano chini baada ya masika ya mvua

Umbo la V, majani ya chini, Webster iliyolowa wiki mbili. Naitreti imegeuka gesi au imetoka na mabomba. Chukua sampuli za udongo kina cha sentimita 30 mahindi yakiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 30, upime naitreti. Mapendekezo ya Iowa hutumia kiwango cha sehemu 25 kwa milioni: chini ya hapo ongeza, juu ya hapo acha. Basi.

Dalili: umeweka chokaa na hali imekuwa mbaya

Kosa ni la kuchukua wastani. Sampuli ishirini zilichukuliwa shamba zima, zikachanganywa ndoo moja, maabara ikaandika pH 6.6. Hakuna mahali popote shambani penye 6.6. Kwenye Clarion ni 5.6, kwenye Harps ni 7.9, na karatasi imewafanya waonekane majirani wema.

Clarion hushuka pH kwa sababu ya mbolea: kila kilo ya nitrojeni ya amonia au yurea huhitaji takriban kilo 1.8 za chokaa safi kuizima asidi yake. Harps haihitaji hata kijiko. Gawa shamba kwa jina la udongo kabla ya kugawa kwa ekari, mfuko mmoja wa sampuli kwa kila jina. Na kama unapanda bila kulima, chukua sampuli ya sentimita 5 za juu peke yake pia, maana asidi ya mbolea iliyomwagwa juu hukusanyika pale na sampuli ya kina cha sentimita 15 huificha.

Dalili: shimo lako halikubaliani na ramani

Ramani ya Idara ya Kilimo ya Marekani inasema Clarion. Wewe umechimba na kukuta madoa ya kijivu na ya kutu kwenye sentimita 50. Nani mwongo?

Pengine hakuna. Ramani nyingi za hapa zilichorwa kwa skeli ya 1:15,840, na kidoa kidogo cha Nicollet ndani ya eneo la Clarion hakichoreki kwa kalamu. Ripoti yenyewe husema kuwa ndani ya eneo moja kuna udongo mwingine uliochanganyika. Watu hawasomi ukurasa huo.

Au umeingia mtego wa pili. Kijivu ni alama ya udongo uliokaa majini hadi chuma kikaondoka. Kutu ni pale chuma hicho kilipokutana na hewa. Alama hizo hazifutiki ukiondoa maji. Shamba lililotolewa maji kwa mabomba miaka mia iliyopita bado lina rangi za kinamasi, na uainishaji unalijua hilo: kanuni inasema udongo wenye hali ya kujaa maji "au uliotolewa maji kwa mabomba". Kwa hiyo Webster kavu ni Akwoli hata kama hujawahi kuona tone pale. Rangi inaeleza historia. Hali ya leo iulize shimo lenyewe mwezi wa Aprili.

Mtego wa tatu ni wangu mwenyewe. Nilisoma rangi ya tabaka la juu, nikaandika kuwa ni jeusi kupita kiasi, na mwenzangu akasoma tofauti kwenye bonge lile lile. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua. Tangu hapo nasoma rangi kwenye jua la wazi, mgongo wangu kwa jua, bonge lililovunjwa kwa mkono na si lililokatwa kwa kisu, mara mbili: likiwa na unyevu na likiwa kavu. Kipimo cha Molisoli kinadai thamani ya Munsell (namba ikiwa ndogo, weusi ni zaidi) isizidi 3 likiwa na unyevu na isizidi 5 likiwa kavu. Ukisoma moja tu, unaweza kuupandisha cheo udongo usiostahili.

Unene nao una hila. Kanuni inataka uchanganye kwanza sentimita 18 za juu, kama plau ingefanya, ndipo uamue kama mchanganyiko huo bado ni mweusi. Mtu akikuambia "kilele changu bado kina weusi, nimeuona sentimita 8", mwambie auchanganye na kile kilicho chini yake, kisha atazame tena.

Na mwenzako anayefuata uainishaji wa kimataifa akisema kwamba hapa hakuna Molisoli bali Phaeozem, msigombane. Ni udongo ule ule kwa kanuni nyingine: Phaeozem hutajwa pale ambapo chokaa imeoshwa kutoka juu, Chernozem pale ilipojikusanya karibu chini ya weusi. Clarion iko upande wa Phaeozem.

Na kama dalili haimo humu

Chimba mashimo mawili, moja palipougua na moja palipo pazuri, umbali wa hatua chache, yote siku moja. Panga udongo wa kila shimo juu ya turubai kwa mpangilio wa kina. Mwagia asidi kila sentimita 10, kamua utepe kila tabaka, hesabu mizizi. Mahali mashimo hayo mawili yanapoanza kutofautiana, iwe sentimita 12 au 70, ndipo sampuli ya maabara itoke. Mifuko miwili, lebo mbili, na kina kiandikwe juu ya kila mfuko kwa kalamu isiyofutika na maji.